Usukani, Rimu na Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 23 Juni. Mbeya.
Swali linalonisumbua tangu Pasaka: kwa nini usukani hutetemeka nikikanyaga breki, na kutulia nikiachia? Si swali dogo. Jumamosi Tupokigwe, binti wa marehemu dada yangu, anaolewa Rujewa. Kamati haijaamua atabebwa na gari langu au la wifi Sekela. Kesho mwenyekiti atayajaribu yote mawili. Dhana yangu: matairi. Nimeyabalansi.

Jumanne, 24 Juni. Rujewa.
Mteremko wa Inyala nimeushuka mguu ukiwa kwenye breki, juu mpaka chini. Vumbi! Palepale chini nikasimama kwa waosha magari, nikawaagiza waanze na rimu, ndizo zinazotazamwa. Zilifuka mvuke. Zilipendeza.
Mzee Lugano, mwenyekiti, akakanyaga breki, miwani ikamdondoka. Akauliza kama gari lina malaria. Wifi akacheka mpaka akakaa chini. Akasema diski za breki zimepinda: “Unazimwagia maji zikiwa za moto, wifi yangu, unategemea nini?”
Maelezo yana mantiki. Hilo ndilo linalonitia shaka.

Alhamisi, 26 Juni. Mbeya.
Fundi Asukile amechonga diski. Usukani umetulia! Naye ameonya kuhusu maji. Huenda wifi amempigia simu.
Mzee Lugano amekubali: bibi harusi ni wangu. Wifi atabeba keki. Keki!

Jumamosi, 28 Juni. Rujewa.
Nimeshuka Inyala asubuhi. Rimu nyeusi tii. Nikalitafakari onyo kwa haki. Nani angefaidika nikifika kanisani na rimu chafu? Wifi. Basi onyo lina maslahi. Maji. Mvuke.
Baada ya ibada, tuta la kwanza: usukani ukatetemeka, maua ya boneti yakaanguka, shela ikamfunika Tupokigwe uso. Tuta la pili akasema, kwa adabu zote, “Mama mdogo, naomba nishuke.” Ameingia ukumbini kwa gari la wifi, keki akiipakata. Mimi nilibeba masufuria.

Jumapili, 29 Juni. Mbeya.
Swali halijapata jibu. Huenda ni diski, huenda ni Asukile, huenda ni uzito wa lile gauni. Jaribio pekee la haki ni kushuka Inyala na kufika mbele ya wifi na rimu chafu, jambo ambalo kwa sasa haliwezekani.
Mwezi ujao kuna ubatizo Rujewa. Asukile atachonga tena. Safari hii nitabeba maji ya barafu, ili diski zipoe kabla hazijapata muda wa kupinda.