Uso Kwenye Chupa ya Pilipili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya rasharasha. Wateja wawili dukani, wote wamekuja kujikinga. Nimelala kwenye godoro la dirishani kwa sababu za kikazi. Mtu akimwona mwenzake amelala vizuri, naye husinzia, na anayesinzia hununua godoro. Hiyo ni nadharia yangu. Bosi bado hajaelezwa.

Nimeota niko juu ya wingu. Wingu lenyewe lilikuwa bado kwenye nailoni yake, halijafunguliwa. Nikawa napaa taratibu, nanong'onezwa na nailoni. Nimeamshwa na bibi mmoja niliyemuuzia godoro wiki iliyopita. Mikono yangu hii ndiyo iliyolibeba mpaka kwenye gari. Ameniuliza yule muuzaji yuko wapi. Nimemwambia ni mimi. Amenitazama kwa huruma, akasema basi atarudi mwenyewe akiwepo.

Miaka yote hii! Mtaa mzima unalala usingizi niliouuza mimi, na hakuna anayeikumbuka sura yangu. Imeniuma.

Jioni, neema. Tangazo kwenye mlango wa kile kiwanda kidogo cha bia, mtaa wa nyuma. Mwenye kiwanda, ambaye sote tunamwita Mama Mapipa, ametengeneza bia ya pilipili. Jumamosi alasiri watu wanakaribishwa kuionja: glasi tano, kuanzia ya upole mpaka ya ukali. Atakayeielezea vizuri kuliko wote, picha ya uso wake itabandikwa kwenye chupa. Kila chupa!

Nimesimama pale hadi taa za barabarani zikawaka. Nimejiona kwenye rafu, safu kwa safu, nikijitazama. Nimejitabasamia. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto amevuka barabara.

Jumanne, 4 Machi

Balaa halina hodi. Shemeji naye ameliona tangazo.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu, fundi simu, mpangaji asiyelipa wa chumba chetu cha nyuma. Alikuja kwenye harusi yetu na begi moja, akasema anakaa kwa muda. Muda huo haujaisha. Ana sura ya kwenye kalenda. Akipita sokoni mara moja tu, wauza nyanya humsalimia mwezi mzima. Mtu kama huyo chupa ya nini? Aachie wenye shida!

Wakati wa chakula amesema kwake pilipili ni sawa na maji. Nami nikasema kwangu ni chini ya maji. Mke wangu, aliyekuwa anapindua pindo la gauni la mteja, ameuliza mbona basi nikimenya kitunguu nalia mpaka jirani anakuja kutoa pole.

Nimemweleza kwamba uso kwenye chupa si jambo la mzaha. Amejibu kuwa huu uso anauona bure kila siku na unamtosha. Hakunielewa. Cherehani ikaanza tena kuimba.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Nimenunua pilipili kichaa sokoni, zile ndogo nyekundu. Saa ya chakula cha mchana nimejilaza kwenye godoro la watu wawili, nikatafuna moja.

Mwanzo, kimya. Nikaidharau. Kisha masikio yakaanza kupiga kengele. Nikakimbilia bombani. Maji yakaisambaza mpaka mahali ambapo sikujua ni sehemu ya mdomo. Kwikwi. Nikamwomba Mungu, nikaahidi mambo ambayo sasa siyakumbuki, na bora iwe hivyo.

Halafu moto ukapungua, na hapo ndipo ajabu ilipoanza. Amani! Mwanga uliopita kwenye nailoni za magodoro ulikuwa kama asali inayomiminwa na mtu asiye na haraka. Feni ilizunguka polepole sana, kila panga lake likinipungia mkono. Niliwapenda watu wote. Nilimpenda hata Bosi. Nikalala na machozi yangu, nikaota mvua inanyesha juu tu, haifiki chini.

Kumbe usingizini nilijifuta jicho kwa mkono uleule. Bosi amenikuta nalia kwa jicho moja. Ameuliza kwa upole kama nimefiwa. Ameniruhusu nipumzike. Ila ameniita kwa jina la mwenzangu aliyeacha kazi zamani.

Ni dhahiri pilipili na mimi hatuivi chungu kimoja. Panahitajika akili.

Alhamisi, 6 Machi

Akili imekuja!

Nimemwaga chai juu ya kile kipande cha sponji cha njano tunachowaonyesha wateja. Chai ikatoweka. Kila siku nasema kwa mdomo wangu mwenyewe: mama, sponji hii inanyonya na haiachii. Kwa nini sijawahi kujisikiliza?

Nimekata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, pembeni ya godoro la chini kabisa, mahali pasipotazamwa na mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Kimekaa ndani ya shavu kama kilizaliwa humo. Hesabu yenyewe ni nyepesi: pilipili ni nzito, itabaki kwenye sponji. Bia ni nyepesi, itapita. Hiyo ni sayansi.

Nimetunga na maneno ya kusema: "Bia hii inaanza kama embe na kuishia kama radi." Sijaionja bado, lakini radi haijawahi kumwangusha mtu kwenye mashindano.

Mchana mzima nimekuwa kama mtu anayeelea. Nimemuuzia mteja mito miwili alipokuwa anauliza njia ya posta.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amenyoa. Amekaa mbele ya kioo akitabasamu upande wa kushoto, kisha wa kulia, kisha akarudi kushoto. Nikaona ulimi wake upunguzwe makali kidogo. Nimempelekea chai ya moto sana, nikamkaribisha kwa heshima zote. Ameshukuru, akaiweka dirishani ipoe, akaendelea kutabasamu. Mimi nikasahau, nikaichukua, nikaipiga funda kubwa.

Ulimi umeungua. Si neno. Mwenye sponji hahitaji ulimi.

Mama mkwe amepiga simu. Mke wangu amemsimulia kila kitu, tena kwa kicheko. Nimesikia sauti yake mle ndani ya simu: pilipili usiyoila yakuwashiani? Nimemwamkia, nikamjibu kwa adabu kwamba hii naila, mama. Akasema haya, mwanangu. Sikuipenda ile haya.

Kabla ya kulala mke wangu amesema niende tu kama watu wengine, ninywe, niseme ninachokisikia. Nimecheka. Angejua mambo ya mashindano!

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa shida. Midomo inagusa daftari kabla ya kalamu.

Kiwandani kunanukia mkate. Mapipa ya chuma yamepangwa kama wazee kwenye kikao, magunia ya shayiri ukutani, na madirisha yako juu sana, kwa hiyo mwanga unashuka kwa mteremko na vumbi linaogelea ndani yake. Tumekaa kwenye makreti yaliyopinduliwa. Mama Mapipa amenisalimia, akauliza kama ni mgeni mtaani. Nimemwambia godoro analolalia nilimuuzia mimi. Akasema ni godoro zuri sana.

Glasi ya kwanza, rangi ya chai ya rangi. Sponji kazini. Nikasikia baridi ya povu tu. Ya pili, vilevile. Kwenye ya tatu watu wakaanza kukohoa. Ya nne ikamshika Shemeji. Alipiga kwikwi, lakini alitabasamu kushoto kama alivyojifunza, jasho likimtiririka kidevuni. Mimi nilitulia kama maji mtungini.

Ndipo watu wakaanza kunitazama. Mmoja akamgusa mwenzake. Mama Mapipa akasogeza kreti lake karibu, akanikodolea macho kama anasoma maandishi madogo. Sijawahi kutazamwa na macho mengi kiasi hicho. Niliona raha. Kweli kabisa, niliona raha mpaka nikataka glasi ziwe kumi.

Ya tano. Nikaimaliza. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikasema, "Bia hii inaanza." Sponji ikateleza, ikaingia katikati ya magego. Nikaiuma.

Glasi zote tano kwa pamoja!

Sitaeleza yote. Nilizunguka mapipa. Nasikia niliyazunguka nikiyaomba msamaha moja moja. Mtu akaleta maziwa, sponji ikayanywa. Mwishowe ikaruka nje, ikatua mbele ya Mama Mapipa. Akaiokota kwa koleo, akaigeuzageuza, akauliza watu kama wanaijua. Shemeji, badala ya kunisaidia, akatoa simu akanipiga picha, upande wa mbele kabisa.

Halafu nikaanguka juu ya magunia ya shayiri, na ile amani ikaja. Lo! Ya Jumatano ilikuwa salamu tu. Mwanga ulishuka kutoka madirishani ukanifunika polepole, kama mtu anayemfunika mtoto asiamke. Sauti za watu zilikuwa mbali, kama ziko chini ya mto. Nikamsikia mtu anaongea. Kumbe ni mimi. Nilisema nimewauzia watu usingizi maisha yangu yote na hakuna anayejua aliupata kwa nani. Nilisema bia hii ni kama kutazamwa. Inauma kwanza, halafu unaogopa isije ikaisha. Nilisema nilitaka siku moja mke wangu aingie dukani kununua chumvi, anikute rafuni, aone mumewe ni mtu.

Nilipogeuza kichwa nikamwona mke wangu mlangoni, futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Sikujua kama angekuja. Alikuja akanikanda masikio kwa kitambaa cha maji baridi, akayashika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mama Mapipa alikuwa ameandika maneno yangu kwa chaki kwenye pipa. Akauliza kama kuna wa kuongeza. Shemeji alikuwa anafuta machozi, akasema ni ile glasi ya nne.

Nimeshinda! Mimi! Maneno yangu, uso wangu. Shemeji mwenyewe amempa Mama Mapipa picha, na hakudai chochote. Hapo nina wasiwasi kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Chupa zimetoka. Nimefunga duka mapema, nikakimbilia duka la vyakula la mtaani.

Rafu nzima. Maneno yamependeza: Inauma kwanza, halafu unaogopa isije ikaisha. Juu ya maneno kuna uso. Midomo kama maandazi mawili yaliyogandana. Pua imelala upande. Macho hayapo, kuna mikunjo miwili mahali pake. Jasho, povu, na kipande cha kitu cha njano pembeni ya mdomo.

Nimejisimamisha kando ya rafu, kidevu juu, nikangoja. Kijana mmoja amechukua chupa, akaitazama, akasema masikini ya Mungu, huyu jamaa alipona kweli? Nimemwambia alipona, tena ndiye mimi. Amenitazama, ameitazama chupa, akaniomba nimpishe alipe. Baadaye Mama Mapipa mwenyewe amepita na kreti. Ameniuliza kama nimeshaijaribu bia yake mpya.

Nimerudi nyumbani nimejikunyata. Kando ya cherehani nimekuta chupa, imefutwa vumbi, imesimamishwa kwenye kitambaa. Mke wangu alikuwa ameinunua tangu asubuhi. Alitoka kununua chumvi, akaniona. Nimemuuliza alijuaje kuwa ni mimi. Hakuinua macho kwenye uzi.

"Hata ungevimba mwili mzima," amesema, "mimi ningekujua tu."

Kifua kikapata joto. Nikakaa karibu naye kwa muda, cherehani ikiimba, jua la jioni likipita ndani ya chupa na kuweka doa la rangi ya chai mkononi mwake. Nadhani ni masalia ya pilipili.

Hata hivyo, ushahidi wake haukubaliki. Yeye alikuwa ananijua kabla.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamka na jibu. Nimeliota, au liliniota lenyewe.

Picha haina kosa. Kosa liko kwangu. Chupa zinajulikana mtaa mzima, na mimi ndiye nisiyefanana nazo. Nawezaje kuwalaumu watu?

Nimenunua pilipili kichaa, mfuko mzima. Nimekata na sponji mpya, kubwa zaidi, mbili, kila shavu na yake. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, nitaziuma zikiwa zimeloa pilipili. Nikiingia kazini niwe tayari nimefanana, wateja watanijua kuanzia mlangoni. Shemeji amenitazama, akarudi chumbani kwake akajifungia. Wivu.

Mke wangu ameweka jagi la maziwa mezani na kitambaa cha maji baridi kando yake. Amekaa anangoja.

Nimeanza na pilipili mbili. Nimejitazama kwenye kioo, kisha kwenye chupa. Jicho la kushoto bado linaona. Naongeza.