Ogoti na Ubao wa Nyuma ya Nguzo

Njoni, enyi wa Gesima na Sironga, tueni vikapu vyenu vya majani chai mtege masikio, maana habari hii ni nzito: ni habari ya Ogoti mwana wa Onsongo, bingwa wa randa, simba wa msumeno, aliyeikabili nguzo ya sebuleni mwake asirudi nyuma, kwa kuwa nyuma hapakuwa na nafasi.

Nguzo yenyewe ilikuwa ya zege, kijivu, yenye mabaka, imebeba dari miaka yote bila kushukuriwa. Jumamosi ya juma lile, siku ya Sabato, kanisa lote lingekuja kula na kuiombea nyumba, na katika jeshi hilo angekuwamo Nyakerario, ambaye mkono wake hupapasa mahali macho ya wengine hayafiki. Kwa Sharon, muumini mwenzao, alipapasa nyuma ya kabati, akatoka na utando wa buibui, akauonyesha kwa upole. Sharon hajakaribisha wageni tena. Kwamboka, mke wa bingwa, usingizi ulikuwa umemhama. "Baba Sheila," alisema, "nguzo hii ivalishe mbao pande zote nne, au unirudishe kwetu Nyamarambe nikazeeke huko."

Basi Ijumaa Ogoti akaishambulia kwa mbao za saiprasi, na pande tatu zikasalimu amri kabla ya chai ya alasiri. Upande wa nne, lo, ulitazamana na ukuta katika pengo ambalo mtu mwembamba hupita kiubavuubavu, na Ogoti hakuwa mwembamba. Akaupaka ubao gundi, akajipenyeza nao, akainua nyundo. Nyundo ikagonga ukuta. Akaigeuza, ikagonga kiwiko chake. "Ewe nguzo," akanguruma, "umekataa chuma, sasa utakula tumbo." Akaegemeza mgongo ukutani, na tumbo lile, ambalo Kwamboka amelisema miaka nenda miaka rudi, likaubana ubao kwenye zege kama kabari.

Gundi ilitaka muda, jua halikuwa nao. Likazama nyuma ya mashamba ya chai, Sabato ikaingia, na mzee wa kanisa Abner naye akaingia, amekuja kuifungua kwa wimbo na sala pamoja na familia. Nyuma yake alikuwa Nyakerario, aliyepita kuuliza tu kama kesho alete ndizi.

"Mzee Abner," Nyakerario akasema, "jua limezama na ndugu yetu yuko kazini."

Ogoti akapiga hesabu. Akitoka, ubao utaanguka, na kesho mkono ule utakutana na zege; asipotoka, jina lake litasomwa kanisani kwa kuvunja Sabato. Kwamboka alikuwa amekwisha kuangalia lilipo sanduku lake.

"Wapendwa," akanena kutoka pengoni, kwa sauti ya mtu mwenye upungufu wa hewa, "je, mkono wangu umeshika nyundo? Je, mguu wangu umekwenda popote? Tangu jua lizame sijafanya lolote ila kuegemea, na aegemeaye amepumzika. Ni nani kati yenu amepumzika kunipita mimi?"

Abner akaizunguka nguzo, akachungulia, akafikiri sana.

"Kuegemea si kazi," akaamua. "Lakini asisukume."

Wakafungua Sabato hivyo hivyo, Ogoti akiimba besi kifua kikiwa kimebanwa, hata gundi ikashika.

Kesho yake wageni walipokuwa wakinawa mikono, Nyakerario akaisogelea nguzo akitabasamu. Mkono ukaingia pengoni. Kwamboka akasimama na mwiko hewani, na Ogoti, ambaye hakuogopa ukuta wala giza la pengo, akaogopa. Mkono ukapanda, ukashuka, ukafuata kingo zote, ukakuta saiprasi laini kila mahali. Ukatoka mtupu.

"Mm," Nyakerario akasema.

Na ijulikane kwa vizazi, enyi wana wa Gesima: siku ile, mbele ya mashahidi wenye sahani mikononi, Nyakerario alisema "Mm" akaenda kuketi, na Kwamboka akampakulia mumewe kabla ya mzee wa kanisa.