Ziara ya Majaribio ya Matrah ya Kale

Waheshimiwa masheikh, wakubwa wa familia, mabibi na mabwana mliotoka Unguja na mliozaliwa hapa hapa Maskati, na jamaa wa mtaa wa Wadi Kabir ambao nnaambiwa mmefuata biriani (kicheko), assalamu alaykum. Mimi, Thani bin Safwan, Mwenyekiti, Mratibu Mkuu na Msemaji wa Programu ya Njia ya Watalii ya Matrah ya Kale, nnasimama mbele yenu kutoa tathmini ya kimkakati ya ziara yetu ya majaribio ya Alkhamisi, iliyofaulu kwa asilimia mia na kumi. (Makofi, mstari wa mbele.)

Wageni kumi na mbili waliteremka melini. Ngome ya mlimani tuliitazama kutoka chini, kwa heshima. Sokoni niliwaongoza mwenyewe, bila ramani, na tulipolipita duka lile lile la ubani mara ya tatu (sauti: "Ya tano!") mama mmoja wa Kitaliana akaishiwa nguvu, akakaa chini njiani. Hapo ndipo Kituo chetu cha Mapumziko kilipoanza kazi rasmi: Bi Mastura, mshona kofia, alifungua mlango, akamlaza yule mama, akamkanda miguu mpaka rangi ikamrudi, akawapa wote kahawa na halwa, akawaonesha picha ya bibi yake barazani kwao Malindi ya Unguja. Meli ilipiga honi mara mbili, wageni hawataki kuondoka. Kila niliyemuuliza kivutio gani kimempendeza, alimtaja yeye.

Kwa hiyo kamati imepitisha kwamba, kuanzia kesho, Kituo kipokee wageni arubaini kila siku. (Minong'ono. Bi Mastura anasimama.)

"Thani mwanangu, hicho kituo chako ni ukumbi wa nyumba yangu. Umeniuliza?"

Suala hilo, Bi Mkubwa, limo katika mchakato. (Kicheko kirefu.)

"Aliyechoka ntamfungulia, hata kesho. Lakini ukiniletea arubaini, vikombe utaosha wewe." (Makofi, ukumbi mzima.)

Kamati imelipokea pendekezo. Sasa nikisema "Matrah ya Kale", mwitikie "Fahari Yetu". Matrah ya Kale! (Mtu anakohoa.)

Nnamaliza kwa kumshukuru Bi Mastura kwa nyumba, kahawa na subira. Wageni kwa miguu yao. Na kamati nzima, ambayo ni mimi, kwa kuisimamia kwa uadilifu programu hii, ambayo siku itakapoanza kuwepo, inshallah, nyinyi mtakuwa wa mwanzo kuarifiwa.