Hotuba ya Kuzindua Pazia la Tovuti ya Mafundi wa Nguo za Harusi

(Imetolewa na Haji Allah Ditta Khokhar, Mwenyekiti wa Maisha wa Jumuiya ya Mafundi wa Nguo za Harusi, Soko la Nooriwala, Sargodha, mbele ya mafundi, wateja na masufuria ya biriani ambayo hayajafunuliwa.)

Mheshimiwa Naibu Msaidizi wa Afisa wa Biashara, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika. Mheshimiwa Imamu wa msikiti wa soko. Waheshimiwa mwenye kiwanda cha nyuzi na mwenye kiwanda cha vifungo, ambao nawaomba leo mkae mbalimbali. Mafundi wakuu, mafundi wa kati, watia nakshi na wapiga pasi. Akina mama na akina dada mlio upande wenu nyuma ya pazia. Wazee wenzangu, ingawa wengi wenu mnaonekana wazee kuliko mimi. Na wewe bwana wa kipaza sauti, ambaye nakuomba uache kukigonga: asalaam aleikum!

(Waaleikum salaam! Kipaza sauti kinapiga mluzi.)

Ndugu wadau, mimi shule nilisoma madarasa mawili tu, na hilo la pili nilisoma kwa dharau, lakini nimewashonea maharusi wa wilaya hii tangu enzi za cherehani ya kukanyaga, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika kwamba nguo imembana, isipokuwa waliorudi. Ninyi wenyewe mwaka jana mlinijia mkasema, Haji, tufungue tovuti, ili dada zetu walioko Dubai na Uingereza waagize suruali na kanzu zao za shalwa na kamizi bila kupanda ndege. Nikakataa. Mkaja tena, nikakataa tena. Mlipokuja mara ya tatu nikawaambia lilikuwa wazo langu, tukaanza kazi.

(Makofi upande wa wapiga pasi.)

Katika utekelezaji wa mpango kazi wa kidijitali shirikishi, mteja anaandika kwenye tovuti yetu jina la bibi harusi, namba ya simu, kipimo cha bega, kipimo cha kiuno, na vipimo vingine ambavyo mbele ya Imamu sitavitaja.

(Imamu anainua macho kwenye paa la hema.)

Sasa yamezuka maneno mitaani kwamba taarifa hizi za wateja wetu ziko wazi kama karai la kukaangia vitamu vya jalebi.

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma ya pazia. Ni Mama Khalida Parveen, mjane wa mtaa wa reli: "Si maneno, Haji! Mwanangu Nosheen anapigiwa simu na wanaume asiowajua, na mmoja amemtajia kipimo cha kiuno chake! Tukabadilisha namba, na ninyi kesho yake mkaiandika ile mpya!")

Hiyo inaitwa huduma bora kwa mteja, dada yangu. Taarifa zetu haziruhusiwi kuchakaa.

("Harusi ni Ijumaa, Haji! Mama wa bwana harusi amesema simu ya namna hiyo ikilia tena, anarudisha pete. Mfute mwanangu leo!" Minong'ono. Mtu anasema, "Mama wa watu ana haki.")

Swali zuri sana, na kwa kuwa ni zuri litajibiwa na kamati. Lakini ili dada yangu apoe moyo, naomba nieleze kwa kina miundombinu ya ulinzi niliyoibuni mwenyewe, kwa kichwa hiki hiki mnachokiona, bila msaada wa mhandisi, kwa sababu wahandisi walikuja wakataka kuweka nenosiri, na nikawauliza swali moja tu: katika duka la fundi wa soko hili, upande wa wanawake una kufuli mchana? Wakasema hauna. Una nini? Wakasema, una pazia. Na tangu nimezaliwa, nani amewahi kusikia mwanamume wa Sargodha amelipita pazia la wanawake? Wakakusanya mikoba yao. Wahandisi hao, wenye vyeti ukutani!

(Wazee wanatikisa vichwa kwa kukubali. "Wah, wah!")

Basi nikaagiza tovuti yetu ichorwe pazia. Zuri, la kijani, lenye mapambo ya dhahabu pembeni, na juu yake maandishi makubwa: HUKU NI UPANDE WA WANAWAKE, MWANAMUME ASIYE WA NYUMBANI ASIGUSE. Ukishapita hapo, fundi yeyote anasoma, anaandika, anafuta, bila kuja kuniamsha mimi usingizini kuniomba ruhusa. Huo ndio mfumo rafiki kwa mtumiaji!

(Fundi Karimdad, mwenye duka la pembeni, anasimama: "Haji, hiyo ni picha tu! Ukiigusa kwa kidole inafunguka!")

Karimdad, pazia lisilofunguka ni ukuta!

(Makofi makubwa. Karimdad: "Na asiye na aibu je? Yule wa Lahore, wa Karachi, asiyetujua?")

Asiye na aibu hana haja ya nguo za harusi! Kaa chini, Karimdad, marehemu baba yako pia alikuwa na maswali mengi, na mishono yake ilikuwa imepinda.

(Kicheko. Karimdad anakaa, anasimama tena, anavutwa shati.)

Ndugu wadau, mimi siongei bila takwimu. Usalama wa taarifa za wateja wetu umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini. Hizo arobaini ni za akiba. Kwa mujibu wa mashine yenyewe, wanaume walioligusa pazia letu mpaka jana ni elfu tatu na ushei, na kati ya wote hao, aliyetuibia hata kitambaa cha leso hayupo. Hayupo! Nendeni mkaulize masoko ya wenzetu kama wanaweza kusema hivyo.

(Mtu mmoja anauliza taratibu, "Elfu tatu?")

Wala sitaishia hapo. Leo nazindua rasmi awamu ya pili, inayoitwa Ngao Kuu Mtambuka ya Vipimo, ambayo itahusisha upembuzi yakinifu, kuwajengea uwezo wadau, na ziara ya mafunzo ya viongozi kule Murree, milimani, kwa kuwa imethibitika kwamba akili hufanya kazi vizuri zaidi kwenye baridi.

("Na familia zao?" anauliza mwenye kiwanda cha vifungo.)

Na familia zao, ndiyo, maana wao pia ni wadau.

(Mama Khalida, kwa sauti ya upole ambayo hakuwa nayo mwanzoni: "Haji, ndugu yangu, nina swali dogo. Mwanamke anaruhusiwa kupita hilo pazia lako?")

Mwanamke? Dada yangu, pazia ni lenu! Ingia, kaa, agiza chai!

("Ahsante, Haji.")

Mnaona? Huyu ndiye mama aliyekuja na hasira, na sasa amepoa, amenishukuru, kwa sababu ya uongozi unaosikiliza. Nikirejea kwenye mada, mimi ndiye niliyeleta feni ya kwanza katika soko hili, mimi ndiye niliyepinga jenereta mpaka ilipofika nikaiwasha kwa mkono wangu, mimi ndiye...

(Nyuma ya pazia akina mama wanacheka chini chini, na simu zinasikika zikibonyezwa. Sauti inasikika: "Na binti yako, dada Shakila?" "Mfute huyo, na mdogo wake." Karimdad anatazama simu yake, anaruka kitini: "Haji! Nosheen hayupo!")

Amekimbia? Na harusi Ijumaa?

("Hayupo kwenye tovuti! Wala binti wa Shakila, wala yeyote! Pale palipokuwa na majina ni peupe kama shuka! Haji, msimu wa harusi ndio huu, mimi nitashona kwa kipimo gani?" Ghasia. Mafundi wote wanatoa simu.)

Tulieni! Tulieni, nimesema! Mwenye kipaza sauti ni mimi!

(Pazia, lile la kitambaa, linasogea kidogo. Mkono wa Mama Khalida unatokeza na kifurushi: "Kwa kipimo cha hii, Karimdad. Ni suti ya Nosheen ya Idi iliyopita, inamkaa vizuri. Mama yangu alileta hivi hivi kwa baba yako, na hakuna mtu aliyempigia simu. Mikono urefushe kidogo." Mikono mingine inatokeza, vifurushi vinapita juu ya vichwa. Karimdad anakipokea chake, anakipapasa mshono, anasema: "Alhamisi jioni iko tayari, shangazi.")

Ndugu wadau, haya mnayoyaona ni kama nilivyopanga. Ilikuwa hatua ya mwisho kwenye ratiba, nimeona niitangulize. Ulizeni dunia nzima: nani anaweza kuiba taarifa ambayo haipo? Nikisema Taarifa, mseme Salama! Taarifa!

("Biriani!" wanaitikia wa nyuma.)

Mteja!

("Biriani!")

Vizuri sana. Kwa kuhitimisha, napenda kumshukuru Mheshimiwa Naibu Msaidizi kwa kiti chake. Naishukuru kamati ya ulinzi wa taarifa, ambayo ni mimi. Namshukuru kwa namna ya pekee mhandisi mkuu wa Ngao, ambaye jina lake tutalijua siku tukimpata. Nawashukuru wafadhili, ambao barua yao bado hatujaiandika. Na zaidi ya yote naishukuru Ngao yenyewe, kwa sababu kama ingekuwepo leo, Mama Khalida angeingilia wapi, na pete ya mwanawe ingepona vipi? Hilo wenye vyeti hawawezi kuliona. Wao wangeijenga.