Nyumba ya Mama Habsa Inauzwa, Bustani Ipo

Jumatatu, 5 Septemba 1966

Leo nimeshika funguo! Mama Habsa, mjane wa yule Msomali mzee aliyekuwa sajini jeshini zamani, amenipa mimi, Anderson Kiugu, dalali, nyumba yake nimuuzie. Mimi, si Rimberia. Rimberia, dalali mwenzangu, amezunguka mlango ule wiki mbili nzima, kofia mkononi. Nimempita barabarani nikizichezesha funguo kidoleni. Najua alizisikia.

Nyumba yenyewe nimeingia nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Vyumba vinne vya mawe, vimekarabatiwa vyote. Sakafu ya saruji nyekundu imepigwa polishi mpaka naona meno yangu. Madirisha ya vioo. Bati jipya. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, macho yanauma. Jikoni kuna sinki iliyojengwa ukutani, na kizibo chake chenye mnyororo. Nimekichomoa na kukirudisha mara nyingi. Halafu, ukipita mlango mwembamba wa jikoni, bustani. Bustani ya mtu mmoja! Ukuta pande zote, mrefu kuliko mimi. Nje lori za askari zinanguruma, mle ndani huzisikii, nikikohoa najisikia mwenyewe. Nilivua kofia. Sijui kwa nini.

Shida ni mbili. Kwanza, bustani imekufa. Nyasi kavu, mapapai mawili yameinama, waridi zimebaki miiba. Bomba la mji linatoa maji kidogo asubuhi, basi. Pili, pasi ya Mama Habsa ya kutoka wilayani ni ya Jumamosi, tarehe kumi, siku hiyo tu. Binti yake Nairobi anamngoja, na mama mwenyewe amechoka na milio ya bunduki ya vita hivi vya mashifta. Akikosa lori la siku hiyo aanze upya kuomba ruhusa, na safari iliyopita alingoja miezi mitano. Lakini hawezi kuiacha nyumba tupu. Nyumba tupu siku hizi ukirudi unakuta wenyewe wapya. Kwa hivyo auze kwanza, ndiyo aende.

Nimempa neno langu: Ijumaa itakuwa imeuzwa. Naye amesema nikifaulu, nyumba zote za jamaa zake zitapitia kwangu. Nitakuwa dalali mkubwa wa Isiolo! Rimberia atauza kuku.

Jumanne, 6 Septemba

Akili imenijia nikinywa chai. Bustani inataka maji. Maji yako chini. Basi achimbe mtu!

Yuko Mborana mmoja, Mzee Denge. Aliletwa na serikali kutoka Kulamawe na jamii yake, wakawekwa kijiji cha pembeni mwa mji. Ng'ombe wake wamebaki wachache na hawaruhusiwi kwenda mbali. Mtoni ni tope na foleni. Watu wote wanasema hakuna anayejua maji kama yeye. Nimemleta bustanini. Akatembea polepole, akasimama kando ya mpapai wa pili, akashika udongo, akanusa. Akasema, "Maji iko." Hivyo tu! Nywele zilinisimama.

Sasa, ujira. Mimi sikutaka kulipa. Nikamwambia kwamba mzee kama yeye siwezi kumdharau kwa mshahara wa kibarua. Aanze kwa mkono wake, kwa jembe lake, kisima kiwe chake. Alinitazama sana. Akauliza kama nimesema kwa moyo. Nikasema kwa moyo wote. Akawaita ndugu zake wawili wasikie, akauliza tena. Nikasema tena, kwa sauti. Watu wengine ni rahisi jamani!

Mchana akaja na mbuzi wake mwenyewe. Akamchinja pale pale, akaomba dua ndefu kwa Kiborana, wenzake wakiitikia, halafu akapiga jembe la kwanza. Mimi nilipewa mbavu na shingo. Nikala zote. Kibarua anamlisha tajiri! Haijawahi kutokea tangu dunia iumbwe.

Jumatano, 7 Septemba

Nimeandika kibao kwa rangi ya bluu: NYUMBA INAUZWA, IMEKARABATIWA, BUSTANI IPO. Kabla ya saa nne mteja amekuja. Bwana Ntongai! Mtu wa kwetu Meru, karani mkubwa wa serikali, soksi mpaka magotini. Nimemwonyesha vyumba vya mbele. Amegonga kuta, amesugua sakafu kwa kiatu, amecheka peke yake. Mlango wa jikoni nimesema umekwama. Atakuja Ijumaa asubuhi kuona bustani, na karatasi atakuwa nazo mfukoni.

Rimberia amepita akasoma kibao mara tatu. Akauliza kama bustani ina nyasi au nimechora. Wivu mtupu! Yeye ana nyumba ya kuuza karibu na soko, mawe matupu, hakuna hata mti.

Shimo limeshamzidi Denge kimo. Kuna ndugu watano sasa. Sijawaita mimi, na hawajauliza habari ya mshahara. Nimekaa nikawatazama mpaka nikasahau chakula. Udongo unatoka mwekundu, kisha wa kijivu, kisha una baridi. Mzee mmoja alinipa bonge nilishike. Nililishika muda mrefu.

Alhamisi, 8 Septemba

MAJI!

Saa tano hivi, Denge yuko chini, sisi juu. Akatulia. Wote wakatulia. Nikasikia kitu kidogo sana, tii, tii, tii. Yalikuwa maji yanaingia. Nilipiga magoti kwenye udongo na suruali yangu ya kanisani. Mbingu ilionekana kule chini, kipande kidogo, inatikisika. Woi! Nimeishi mji huu miaka minane nikibeba ndoo, na maji yalikuwa hapa, chini ya mapapai, yanangoja. Machozi yalitoka. Nimeandika ukweli.

Mama Habsa akatoka jikoni na buibui lake. Akanawa uso kwa yale maji ya kwanza, akasema mashallah mara nyingi. Halafu akauliza nani alianza kisima. Nikamweleza ujanja wangu wote, jinsi nilivyokwepa mshahara. Akakaa chini. Akauliza kama kuna mbuzi aliyechinjwa. Yupo. Wa nani? Wa Denge. Na mimi nilikula? Nilikula. Sehemu gani? Mbavu na shingo, mama. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Anasema kwa Waborana anayeanza kisima ndiye baba wa kisima. Wanamwita aba konfi. Nyumba ni ya Habsa, kisima ni cha Denge, na watoto wake, na ukoo wake. Mimi nimempa mbele ya mashahidi, mara mbili, na nyama nikala. Na haiwezekani kukiuza, kwa sababu hata Denge mwenyewe hawezi. Maji ya kisima hayana bei.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Hayo ni mambo ya Waborana. Bwana Ntongai ni Mmeru, hawezi kujua. Tutanyamaza tu mpaka asaini.

Ijumaa, 9 Septemba

Nimefika asubuhi na mapema kufagia. Nikasikia kuimba. Ndani ya bustani!

Lango la ukuta wa nyuma lilikuwa wazi. Kando ya ukuta wamejenga hori la udongo. Ndani ya kisima wanaume wanne wamesimama kwenye ngazi za udongo, mmoja juu ya mwingine, wanarushiana ndoo za ngozi, na kila ndoo ina wimbo wake. Mmoja anaanzisha, wengine wanajibu kutoka ardhini. Ng'ombe wanaingia wawili wawili, wa fulani kwanza, wa fulani baadaye, hakuna kusukumana. Wazee watatu wamekaa kwenye waridi wakipanga zamu. Ng'ombe mmoja amekula pazia la jikoni. Askari alichungulia juu ya ukuta kutoka kwenye lori. Akapewa maji, akaenda zake.

Na Bwana Ntongai huyo, amesimama mlangoni na soksi zake!

Akanivuta kando. Akasema nyumba anaitaka, karatasi hizi hapa, atasaini sasa hivi. Sharti moja. Niwatoe hawa watu, kisima kifungwe kwa zege, akitumie kama tangi lake. Neno moja tu kutoka kwangu. Nikafikiria lori la kesho. Nikafikiria nyumba za jamaa za Mama Habsa. Nikafikiria uso wa Rimberia. Nikaenda kusema.

Hapo wakaingiza ng'ombe jike mmoja wa Denge. Hakuwa anatembea, alikuwa anashikiliwa, ndugu wawili mbele na wawili nyuma, mbavu zote nje. Denge hakumtazama. Alitazama pembeni, mdomo unamtetemeka, mzee mzima. Wakamshusha kwenye hori. Akalamba. Akanywa. Wale wa kisimani wakaimba kwa nguvu zaidi, nadhani walikuwa wanaimba jina lake. Akanywa, akanywa, nikaona maji yanashuka shingoni. Halafu akainuka, yeye mwenyewe, miguu inatetemeka, akasimama. Makanisani nimekwenda maisha yangu yote na sijawahi kuona kitu kikubwa hivi.

Nikarudi kwa Bwana Ntongai. Nikasikia mdomo wangu unamwambia nyumba haiuzwi. Aliniita mjinga kwa Kimeru, ambapo neno hilo lina uzito. Akaondoka. Rimberia alikuwa anangoja nje.

Nimekwenda kwa Mama Habsa. Nimesema, mama, nimekuharibia safari. Nimesema nimeua kila kitu kwa mikono yangu. Yeye alikuwa dirishani anatazama ng'ombe.

Jumamosi, 10 Septemba

Amekwenda! Mama Habsa amepanda lori la Nanyuki saa mbili, masanduku mawili na blanketi, pasi mkononi. Alikuja asubuhi akadai funguo. Nikampa. Akampa Denge.

Ameeleza kwa maneno machache. Alitaka kuuza kwa sababu aliogopa nyumba tupu. Sasa nyumba si tupu. Mwenye kisima hawezi kuhama kisima chake, na watu hamsini kwa siku wanapita bustanini. Nani atakuja kuinyang'anya? Yeye ataona mjukuu wake, na vita vikiisha atarudi, atakuta bustani. Denge amekubali kwa kuinua mkono tu. Mama akanishika bega, akasema, "Kijana, hukuuza. Lakini asante." Lori likaondoka.

Hakuna nyumba ya jamaa hata moja. Hakuna asilimia. Na Bwana Ntongai jioni hii amenunua ile nyumba ya mawe matupu ya Rimberia. Rimberia ananunulia watu soda.

Jumanne, 13 Septemba

Haya, nimepata akili mpya!

Ile nyumba ya Ntongai haina maji. Asubuhi hii nimemwona mwenyewe, karani mkubwa, na debe, amepanga foleni bustanini nyuma ya punda. Mbio nikaenda kwa Denge. Nikamwambia huyu alitaka kukufungia kisima kwa zege, mtoze! Denge akamtazama Ntongai, akauliza kama ana kiu. Akamjazia debe. Bure! Nililia kwa hasira.

Basi nikadai changu. Nikasema mimi ndiye niliyetoa wazo, mimi sina ng'ombe, nipewe kitu. Wazee wakajadiliana muda mrefu. Wakasema asiye na ng'ombe ana mikono. Wakanipa cheo: nafasi ya tatu kwenye ngazi za kisima, kurusha ndoo kila asubuhi.

Nimeshuka. Giza, baridi, tope mpaka kwenye paja. Ndoo inapanda, ndoo inashuka. Wimbo siujui, nikaimba wa kanisa, wakaitikia! Juu naona duara la mbingu na vichwa vya ng'ombe vinapita. Sitaki kusema uongo, sijawahi kuwa mahali pazuri hivi. Mikono imechubuka yote.

Lakini nafasi ya tatu ni mali! Watu wa nje hawaipati hivi hivi. Nimeshamweleza Rimberia kwamba ninaiuza, yeye kwanza kwa sababu tunajuana. Macho yamemtoka. Amesema hanunui kitu ambacho hajakiona. Nimemwambia aje kesho asubuhi, avue viatu.