Tetemeko la Jumanne Mchana

Jumatano, 4 Februari

Nimegundua jambo. Naandika haraka, jasho likidondokea daftari, maana Kariakoo leo ni tanuri.

Jua na mwezi huvuta bahari. Kila mtu anajua. Ndiyo sababu ya maji kujaa na kupwa. Sasa vitu viwili vinavyovuta bahari nzima vishindwe kuvuta mwamba? Nimechukua matetemeko sitini ya Afrika Mashariki kutoka mtandaoni. Kwa kila tetemeko nimetafuta mwezi ulikuwa wapi angani. Mdogo wangu Stella alinisomea saa kwenye simu, mimi nikaandika. Kazi ya jioni tatu. Alidai maandazi, akapewa.

Matokeo: arobaini na moja kati ya sitini yalitokea mwezi ukiwa chini, karibu na upeo wa macho. Arobaini na moja! Niliinuka ghafla nikagonga rafu. Glasi zote zikalia. Mama akauliza kutoka mbele kama kuna paka.

Mama anauza vyombo: glasi, sahani, majagi, chupa za chai. Fremu yetu ya duka ni nyembamba, kwa hiyo rafu zimepanda hadi darini. Mtu anayefikiria matetemeko akiziangalia hapati usingizi. Nilimweleza Mama hatari hiyo. Akasema nikimaliza kuzuia tetemeko nimpangie vikombe.

Alhamisi, 5 Februari

Mwalimu Candida, wa fizikia, ametangaza kwamba shule itapeleka kazi moja tu kwenye maonyesho ya sayansi ya Dodoma. Zimebaki mbili. Yangu, na chujio la maji la Zalak wa darasani kwetu, la mchanga na mkaa. Chujio linafanya kazi. Huo ndio udhaifu wake. Hakuna anayeshtuka.

Dodoma itabidi nisimame mbele ya watu niongee. Sijawahi kuongea mbele ya watu zaidi ya wanne, na mmoja alikuwa Stella. Lakini kwa mwezi na jua nitaongea. Nimeamua.

Mwalimu ametoa sharti. Nadharia ya kutabiri itabiri. Niandike utabiri ubaoni, mapema, darasa zima lione. Ukitimia, naenda Dodoma. Usipotimia, linaenda chujio.

Nilitaka kuandika "Afrika Mashariki, mwezi huu". Zalak akanyoosha mkono. Alisema Afrika Mashariki hutikisika kidogo karibu kila wiki, kwa hiyo nitashinda hata nikiwa nimelala. Darasa likacheka. Kisha akanigeukia akauliza ni wapi hasa na lini hasa. Zalak akikuangalia akili inahama. Nikasema Kariakoo, kwa sababu ndiko ninakoishi na ndilo neno lililokuwa karibu. Siku nilikuwa nayo: tarehe 17, saa tisa mchana, jua na mwezi vitakuwa upande mmoja wa dunia, vikivuta kwa pamoja.

Mwalimu akaandika kwenye kona ya ubao: JUMANNE 17, MCHANA. TETEMEKO LITASIKIKA KARIAKOO. ELIASI. Akachora boksi. Chini yake: USIFUTE.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda Upanga kwa kina Zalak. Mwalimu ameagiza kila mmoja akague kazi ya mwenzake. Mimi chujio nilishalikagua. Niliandika: "Linapendeza."

Nilikunywa vikombe vinne vya chai ya tangawizi kwa kushindwa kusema basi. Babu yake, Mzee Jayant, ana kalenda ukutani inayoonyesha hali ya mwezi kila siku. Tukaiangalia pamoja. Tarehe 17, mwezi unapotea. Nilifurahi sana. Mzee akasema siku kama hiyo yeye hanunui, hauzi wala haanzi safari, na ndiyo maana duka lake la vifaa vya ujenzi halijawahi kuyumba. Nikamweka kwenye kundi la wanaoniunga mkono.

Halafu Zalak akaomba jedwali langu. Alilisoma kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kikasimama.

"Hapa mtandaoni ni 13:20. Mbona wewe una 7:20?"

Nikasema Stella alisoma saa saba na dakika ishirini.

"Na mwezi ukautafuta wa saa ngapi?"

Nilikuwa nimeandika 7:20 kwenye tovuti. Tovuti ikanipa mwezi wa asubuhi.

Nikanywa chai ya tano.

Stella hana kosa. Anaona 13 anasema saa saba, kama mtu yeyote mwenye akili timamu mjini hapa. Alipochoka kugeuza alisoma namba kama zilivyo. Mimi nikaziandika zote sawa. Kwa hiyo baadhi ya matetemeko yangu ya mchana yalipewa mwezi wa asubuhi, na ndani ya saa sita mwezi unaweza kutoka upeoni hadi utosini.

Tukarudia zote sitini. Arobaini na moja ikashuka hadi thelathini. Nusu kamili. Zalak alisema, kwa upole kabisa, kwamba hata shilingi ukiirusha itatabiri hivyo.

Nimerudi nyumbani kwa miguu ili nihuzunike vizuri. Nilipofika nilikuwa nimepata nafuu. Saa zilikosewa, lakini siku haikukosewa. Sibadilishi tarehe. Tena Mwalimu ameandika USIFUTE.

Jumatano, 11 Februari

Nimetengeneza kipima tetemeko. Gololi juu ya kitako cha sahani iliyopinduliwa, chini yake bati. Ardhi ikitikisika gololi inaanguka, bati linalia.

Leo baada ya shule limelia mara tisa. Mkokoteni wa magunia ya mchele. Mkokoteni wa vigae. Mashabiki wa mpira waliokuwa wanaelekea Jangwani na ngoma. Mara sita zilizobaki ni Mzee Bushiri.

Mzee Bushiri ni jirani yetu, naye anauza vyombo. Yeye na Mama wana ugomvi wa kibaraza tangu sijaanza shule. Leo alikuwa anaingiza makatoni: vikombe, mabakuli, majagi, hadi njia ya kupita ikabaki ya mtu mwembamba. Kila katoni alilotua lilinilizia bati. Nilimpa shikamoo, nikamwomba atue taratibu. Akaitikia marahaba, akaniuliza lile bati ni la nini. Nikamweleza.

"Dogo," akasema, "kama kila gololi ikidondoka ni tetemeko, basi Kariakoo ilishazama babu yangu akiwa mtoto."

Nikamuuliza mzigo wote ule wa nini. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha. Akasema Ramadhani hiyo inakuja. Nikatumia nafasi hiyo kumwonya kuhusu kupanga makatoni juu sana.

Darasani wavulana wanatikisa dawati langu kila nikikaa, kisha wanaangalia kona ya ubao. Sijali. Wanasayansi wengi walitikiswa.

Jumatatu, 16 Februari

Nimemsihi Mama ashushe vyombo kwa siku moja tu. Amekataa. Amesema rafu zile zilipigwa na fundi wa kwao Ndanda na hazijawahi hata kulia. Nikasema tetemeko halijali fundi anatoka wapi. Hapo nilikosea. Ilibidi nisikilize habari za mafundi wa Ndanda hadi chakula kilipopoa.

Lakini majaliwa yapo. Kesho Mama anakwenda kumwona Mama mdogo Siwema, amefanyiwa upasuaji. Nikitoka shule mimi ndiye wa kushika duka. Amenitaka niahidi kwamba vyombo vyote nitavilinda.

Nimeahidi kwa moyo wote.

Jumanne, 17 Februari

Siku yenyewe!

Nimefika mbio, nimetandaza turubai mbele ya fremu, nikaanza kushusha. Glasi kwanza. Sahani. Majagi. Chupa za chai nikazilaza. Ilipokaribia saa tisa rafu zilikuwa tupu na kila chombo kiko chini, salama. Nikaweka kipima tetemeko pembeni, nikakaa kwenye ndoo kungoja.

Nilisahau jambo moja, na mimi nimekulia hapahapa. Kariakoo, kitu kikiwa rafuni kinauzwa. Kikiwa chini kwenye turubai kinamwagwa, yaani kinauzwa kwa bei ya kutupa.

Mama mmoja wa baibui akasimama na mwenzake. Akauliza kama tunafunga duka. Nilitaka kumweleza kuhusu jua na mwezi. Mdomo ukakauka. Akauliza dazeni ya glasi bei gani. Nikasema bei ya Mama. Akauliza bei ya mwisho.

Nikanyamaza. Sikuwa nakataa! Nilikuwa natafuta maneno. Akanitajia bei yake. Nikaangalia chini. Akapandisha. Nikaangalia kushoto.

"Huyu mtoto mgumu," akamwambia mwenzake, akalipa bei ya Mama yote.

Wanawake wawili wakiinama kwenye turubai, mtaa mzima unainama. Walikuja kumi, wakaja sijui wangapi. Jamaa mmoja anayetembeza mikanda aliiweka mikanda yake begani akaanza kuninadia bila kuombwa, kwamba mzigo unaondoka na haurudi. Kila mtu aliniomba nipunguze. Mmoja aliniita bosi mdogo. Mwingine aliniita mkwe. Sikuweza kumjibu hata mmoja, na kadiri nilivyokosa la kusema ndivyo walivyozidi kutoa pesa. Stella alipotoka shule akashika mkoba wa pesa, mimi nikafunga vyombo kwenye magazeti na kuona haya.

Saa tisa ilipita. Sikuhisi ardhi ikitikisika, ingawa kwa miguu ile yote nisingejua. Nikakumbuka kipima tetemeko. Bati lilikuwepo. Nadhani sahani nimeiuza, pamoja na gololi yake.

Mama alirudi saa kumi na moja. Akasimama mbele ya rafu tupu, mkono kifuani.

"Eliasi, baba. Mzigo wangu uko wapi?"

Nikasema tetemeko lilikuwa linakuja. Stella akampa mkoba. Mama akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akakaa kwenye ndoo. Kisha akacheka mpaka kitenge kikamdondoka, na Mzee Bushiri akatoka kuangalia nani amefiwa. Aliuliza tumeuza kwa bei gani. Mama akamwambia, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Mzee akanigeukia akauliza nimetumia mbinu gani.

Nikanyamaza.

"Ndiyo hiyo," akasema Mzee Bushiri, akatikisa kichwa.

Magharibi watu walipanda juu ya maghorofa kutafuta mwezi mwandamo. Wengine wanasema tunafunga kesho, wengine keshokutwa. Nami nilipanda. Sikuuona. Nilitaka kuuliza umekwama wapi.

Jumatano, 18 Februari

Kwaresima imeanza. Nilikwenda shule na majivu kwenye paji la uso, na nilijiona nimevaa rasmi.

Mwalimu Candida aliniita mbele. Akasema niwaambie wenzangu kilichotokea. Boksi lilikuwa karibu na sikio langu, na jina langu ndani yake. Nikanyamaza. Lakini darasani kunyamaza hakuuzi kitu. Walikuwa wananingoja tu.

Nikasema, "Halikutokea."

Baada ya hapo sijui nini kilinipata. Nilishindwa kuacha kuongea. Niliwaeleza saa za Stella, mwezi wa asubuhi kwenye tetemeko la mchana, arobaini na moja iliyokuwa thelathini, gololi niliyoiuza. Walicheka, lakini walicheka wakisikiliza. Samson wa dawati la nyuma, bingwa wa kutikisa, aliuliza swali. Swali la kweli! Nikalijibu.

Nilipokaa, dawati lilitulia.

Mwalimu akasema basi chujio linakwenda Dodoma. Ilikuwa haki. Zalak akanyoosha mkono. Alisema chujio lake limekaguliwa kwa neno moja, na neno lenyewe ni "Linapendeza", kwa hiyo hajui kama ni zuri. Kazi ya Eliasi ndiyo iliyokaguliwa hadi ikafa. Kila mwaka watu hupeleka Dodoma vitu vilivyofaulu. Yeye angependa kupeleka kimoja kilichoshindwa ambacho wenyewe wanajua kilishindwa wapi.

Mwalimu alifikiri sana, akazungusha chaki. Akasema tutakwenda wawili, mimi kueleza, Zalak kunibana maswali mbele ya watu. Sharti moja: hitimisho liandikwe wazi, kwamba katika jaribio letu jua na mwezi havikutusaidia kutabiri tetemeko. Nikakubali. Akafuta boksi mwenyewe.

Naenda Dodoma. Pamoja na Zalak. Naandika mara ya pili ili nione kama inabaki: naenda Dodoma, pamoja na Zalak.

Jumapili, 22 Februari

Hitimisho nimeliandika, kwa mwandiko mzuri, bila kukwepa. Jua na mwezi havikutusaidia. Nimekubali kabisa. Nimejifunza.

Lakini mwanasayansi hafumbi macho mbele ya ushahidi. Tarehe 17, jua na mwezi vilipokuwa upande mmoja, vyombo vya Mama viliisha kwa muda wa saa mbili hivi. Haijawahi kutokea. Nimejaribu tarehe moja, na imetimia moja kati ya moja. Mia kwa mia! Matetemeko hayakunipa hata nusu ya imani hiyo. Masikini Mzee Jayant, miaka yote hiyo anafunga duka siku ambayo mwezi unamletea wateja.

Jua na mwezi vitakutana tena Alhamisi, tarehe 19 Machi. Nimemshauri Mama aagize mzigo mara mbili. Kwa mara ya kwanza maishani hakubisha. Alisema alishaagiza. Nadhani nadharia imeanza kumwingia. Zalak sijamwambia bado, atataka kuona jedwali.

Jioni nilimkuta Mzee Bushiri kibarazani, naye anaagiza mara mbili kwa simu. Nilifurahi, nikamuuliza kama naye amezingatia mwezi. Akasema ndiyo, mwezi ukiandama ni Idi, kijana, watu wote watataka vikombe vipya.

Nilimhurumia. Mtu mzima, miaka yote sokoni, na bado anategemea mazoea.