Hazina Hai ya Mtaa wa Hamra

Ijumaa, 26 Septemba 2025. Mtaa wa Hamra, Jeddah.

Leo nimegundua mimi ni nani. Miaka hii yote nilidhani ni dereva.

Ilikuwa hivi. Nampeleka Rahaf, binti ya bosi, kwa mwalimu wake wa ziada. Mtoto huyu ana wazimu wa Korea. Tambi za Korea, nywele za Korea, hata chafya nadhani anapiga ya Korea. Sasa ana hotuba ya shule kuhusu serikali ya huko na sanaa, na mazoezi anayafanya kiti cha nyuma, mgongoni pangu. Nikasikia yote. Kwamba baada ya vita nchi ilibaki majivu, serikali ikaogopa watu watasahau wao ni akina nani. Ikatunga sheria. Ikatafuta mafundi wa ngoma, nyimbo na ufinyanzi, ikawapa cheo cha hazina hai. Mtu mzima, anapumua, ni hazina! Anatunzwa, anapewa wanafunzi, na sanaa yake haichezewi ovyo.

Nikakanyaga breki. Rahaf, anayeniita ammu, yaani anko, akauliza, ammu Reuben, kuna nini. Nikasema paka. Hakukuwa na paka. Kulikuwa na mimi.

Maana mimi ni mtu wa Shinyalu, Kakamega, penye isukuti yenyewe: ngoma tatu, baba, mama na mtoto. Mwaka ule wa mashindano ya fahali niliipiga ile ya baba mpaka fahali akaketi chini kama mgeni aliyekaribishwa chai. Waliokuwepo wanajua. Wengi wamekufa.

Jumapili, 28 Septemba.

Kikao jikoni. Waliohudhuria: Metrine, mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye anapika katika nyumba hii. Serah, anayefanya kazi nyumba ya pili, kwa dada yake madam. Na Ephraim, dereva wa huko kwa akina Serah, mtu wa Ikolomani, jirani na kwetu Shinyalu, anayeringa kwa sababu gari lake lina dirisha kwenye paa. Kama alilitoboa yeye.

Habari ya Metrine: familia yote inaenda Riyadh kwa harusi, sisi tukiwa nyuma yao kama kawaida. Na Wakenya wa Riyadh wana jioni ya utamaduni siku hizo hizo. Mama Roselyne, nesi anayeiandaa, ameipa Jeddah nafasi ya wimbo mmoja. Tukiharibu, mwakani nafasi inaenda kwa watu wa Dammam. Madam amekubali kutuachilia jioni hiyo.

Habari yangu: nimejiteua hazina hai.

Ephraim akauliza, umeteuliwa na serikali gani. Nikamjibu kwamba hapa mkubwa kwa umri ni mimi, kwa hiyo serikali ni mimi. Akauliza, na hazina pia ni wewe? Pia. Akasema, sasa mwananchi ni nani. Nikamwambia nafasi hiyo iko wazi, alete maombi.

Kumbe wamekuwa wakifanya mazoezi chumba cha kufulia kwa mitungi ya maji. Ile ya plastiki ya buluu, mitupu! Mkubwa wameuita baba, wa kati mama, ule mdogo mtoto. Ephraim anapiga, Metrine anaongoza wimbo, Serah anaitikia kwa mabega. Nikapiga marufuku papo hapo. Nikawauliza kama Mkorea anaweza kuokota mtungi wa maji na kuuita mila.

Metrine akaweka mwiko chini. Akasema, "Anko, nimekaa nchi hii mwaka wa tatu. Hii ndiyo siku yangu moja ya kusimama mbele ya watu bila aproni. Usiniharibie."

Nikamwambia siharibu, nahifadhi.

Jumatano, 1 Oktoba.

Ngozi imepatikana. Muuza nyama wa mtaa wa Ruwais, Myemeni, alinitazama sana nilipomwambia sitaki nyama, nataka nguo ya mbuzi. Mtunza bustani naye amenipa kipande cha gogo la mtende. Nimekitoboa kwa chuma cha moto na patasi ya jirani. Kimetoka kimepinda upande mmoja, lakini wazee wetu nao walipinda.

Nimewamba ngozi na kuificha juu ya paa, kati ya mashine za viyoyozi. Mahali pazuri, pana upepo. Nilipokuwa nakaza kamba nilijihisi kama Korea nzima.

Jumapili, 5 Oktoba.

Kikwazo kidogo. Harufu.

Madam alisema kuna kitu kimekufa ndani ya kiyoyozi. Bosi akaita fundi. Fundi akafungua kiyoyozi cha chumba cha wageni, akaenda cha sebuleni, akaenda cha Rahaf. Mimi nilimshikia tochi muda wote nikitikisa kichwa kwa huzuni. Fundi alipouliza njia ya kwenda paani nikamwambia mafi, hakuna, ufunguo amekwenda nao bosi. Ufunguo ulikuwa soksini. Jioni nikaihamisha ngoma hadi paa la nyumba ya pili, usawa wa dirisha la Ephraim. Serikali lazima ijue kutawanya mizigo.

Shida nyingine ni sauti. Unyevunyevu wa bahari ya hapa unaingia ngozini. Nikipiga, inalia kama mtu anayekung'uta godoro. Nimekaza kamba. Bado godoro. Nimekaza tena, mguu ukutani, mpaka ngozi ikawa kama paji la uso la mwenye nyumba.

Ephraim akapanda juu, pua ameziba. Akasema Riyadh ni kukavu, ngozi ikifika huko itajivuta yenyewe, afadhali niilegeze sasa. Kisha akaniomba nimpigie mdundo mmoja tu wa baba, asikie fahali alikaa kwa sababu gani.

Nikamwambia hazina haipigwi ovyo.

Wivu mtupu. Mtu wa Ikolomani hajawahi kumwombea mtu wa Shinyalu mema.

Alhamisi, 9 Oktoba. Riyadh.

Safari nzima nimeendesha mimi. Taif, jangwa, jangwa, jangwa. Madam na bosi wametangulia kwa ndege, raha mustarehe. Mimi na Metrine, Rahaf aliyekataa ndege ili amalize tamthilia yake, na mizigo, ngoma ikiwa butini. Ephraim na Serah nyuma yetu, na lile dirisha lake la paa.

Rahaf alisoma hotuba tena. Kumbe kuna sehemu ya pili. Kwamba miaka ya tisini serikali ya Korea iliamua nyimbo na filamu ni bidhaa kama magari, ikaweka wizara na nguvu nyuma yake. Na vijana wakachukua ngoma za wazee wakazichanganya na mambo yao, na hicho ndicho kilichozunguka dunia mpaka kikafika kiti changu cha nyuma. Metrine akasema, "Umesikia, Anko? Wamechanganya." Nikawasha redio. Dereva hapaswi kusumbuliwa.

Tulipokaribia Riyadh, pa! Nikajua tairi. Nikasimama pembeni, nikazunguka gari. Matairi mazima. Ephraim akasimama nyuma, akashusha kioo, akasema buti lako ndilo limepata pancha.

Ngozi ina ufa. Mdogo. Kama unywele. Ukiitazama kwa mbali, ni mapambo.

Ijumaa, 10 Oktoba.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Sababu itajulikana.

Ukumbi wa kompaundi ya wafanyakazi, watu wamejaa. Wakamba wamecheza, vijana wa Pwani wameimba. Rahaf amekuja na simu yake, ameruhusiwa na mamake. Mama Roselyne akatutangaza, na kwa sababu nilikuwa nimemnong'oneza mapema, akasema pia kwamba Jeddah imeleta hazina hai ya isukuti, mzee wetu Reuben. Makofi. Metrine kando yangu, kitambaa chekundu kichwani, midomo imekauka. Akaninong'oneza, "Anko, piga tu. Mdundo wowote. Mimi nitaufuata."

Sasa nieleze jambo la ufundi. Baba hupigwa kwa kiganja kizima. Nikainua kiganja. Nikashusha.

Mkono ukapita.

Ukapita ngozi, ukaingia ndani ya gogo mpaka kiwiko, na pale gogo lilipopinda ukakwama. Nikavuta. Ngoma ikaja na mimi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyo mzee amemezwa." Kicheko kikaanza, kile kinachoanzia pembeni. Nikamwona Metrine anatazama sakafu. Mama Roselyne ameshaanza kuinua maiki, na nikajua akiifikisha mdomoni tutashukuriwa na kuketishwa.

Ephraim akainuka. Alitembea mpaka ukutani kwenye mashine ya maji, akachukua mtungi mtupu, na mwingine, na mdogo akautoa chini ya meza ya soda. Akaketi. Akapiga.

Na Metrine akainua uso, akaimba.

Sijui niandike vipi. Sauti yake haikuwa ile ya jikoni. Serah akaachia mabega. Mtungi mkubwa ukanguruma, wa kati ukajibu, mdogo ukachokoza, na mimi nilikuwa Shinyalu, nimevaa kaptula. Mama mmoja wa Lamu akasimama. Kisha Wajaluo, meza nzima. Kisha Wameru, ambao hawasimamishwi na chochote. Hakuna aliyeuliza ni ngoma ya kabila gani, wote walicheza kama ya kwao. Walipomaliza wakaambiwa warudie.

Mimi nilibaki katikati, mkono juu, ngoma juu ya mkono. Ningeuweka wapi? Watu wakaja kupiga picha na mimi. Walidhani ndivyo mzee wa isukuti anavyovaa.

Nilitolewa kwa sabuni ya vyombo. Metrine alivuta, akicheka na kulia kwa pamoja.

Jumapili, 12 Oktoba. Jeddah.

Mkono unapona. Mama Roselyne amepiga simu: mwakani Jeddah ina nyimbo tatu. Metrine anapika akiimba, na madam hamkatazi. Rahaf ameweka video yetu kwenye hotuba, sehemu ya pili. Naona wivu wa Ephraim umeongezeka, maana leo amenipa lifti na kunifungulia lile dirisha.

Sera ya serikali yangu imefaulu kwa kila kipimo. Nchi nyingine huchukua miaka mingi. Mimi nilitumia mbuzi mmoja.

Jioni nimewakuta chumba cha kufulia. Metrine anasema mwakani angependa kujaribu masufuria pamoja na mitungi, na labda filimbi ya Serah. Nikafunga mlango, nikasimama, nikatangaza sheria. Isukuti halisi hupigwa kwa mitungi ya maji ya plastiki. Ya buluu. Mitatu. Mzee husimama katikati na gogo mkononi. Ndivyo tulivyorithi, na hakuna ruhusa ya kuongeza hata kijiko.

Halas, imekwisha. Mila haichezewi.

Kesho nakwenda Ruwais. Gogo linahitaji ngozi mpya.